Vidole Viwili vya Akiba

Neno nisilopenda kulisikia dukani kwangu ni "inabana." Mteja akija na nguo begani na uso wa kununa, najua anachotaka kusema kabla hajafungua mdomo. Fundi, inabana. Kwa miaka ishirini na mbili jibu langu limekuwa lilelile: mimi nilipima, futi haisemi uongo, labda wewe ndiye umebadilika tangu wiki iliyopita. Nimegombana na watu wazima, wengine wenye wajukuu, kwa sababu ya neno hilo moja. Jinsi lilivyokuja kuwa tamu masikioni mwangu ni habari ndefu kidogo, na siwezi kuieleza bila kuanza na kosa langu mwenyewe.

Duka langu ni chumba kimoja chenye vyerehani viwili, meza ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa pembeni na benchi la wateja. Upande wa kulia, ukuta kwa ukuta, kuna karakana ya kuchomelea mageti. Wale jamaa wakianza kukata vyuma humsikii hata mtu aliyesimama mbele ya pua yako. Ndiyo maana nilizoea kutaja vipimo kwa sauti ya juu. Napima, napaza sauti, na binti yangu aliyeketi karibu na mlango anaandika daftarini. "Bega kumi na tano! Kifua thelathini na nane!" Alianza kazi hiyo akiwa na miaka tisa, kila siku akitoka shule, na kwa mwandiko wake mzuri nikampa cheo cha Karani. Jina likamganda. Hata mama yake, anayefua shuka katika nyumba ya wageni na asiyependa kabisa majina ya utani, alijikuta anamwita Karani.

Sasa mimi, mbali na sauti, nina mdomo. Siwezi kutaja namba ikapita hivihivi, lazima niitie chumvi. Akija mwembamba: "Huyu tutamshonea kwa masalio!" Akija mnene: "Leo kitambaa kitapanda bei mjini!" Benchi zima lilivunjika mbavu. Nilidhani watu wananipendea hilo. Nilidhani utani ni sehemu ya biashara kama zilivyo chaki na pasi.

Karani alipotimiza miaka kumi na minne, gauni lake la shule likawa halimtoshi tena. Mwili ulikuwa umebadilika kwa miezi michache tu, kama inavyokuwa kwa watoto wa umri huo. Nikamsimamisha mbele ya kioo jioni moja duka likiwa limejaa. Kila kipimo nikakitaja kwa sauti ileile, naye akawa anajiandikia mwenyewe, daftari mkononi. Nilipofika kiunoni nikataja namba, ambayo sitaitaja hapa, halafu nikaongeza: "Karani, kwa mwendo huu itabidi tuongeze mita nyingine!" Watu wakacheka. Yeye pia alicheka. Futi iliporudi shingoni kwangu, mimi nilikuwa nimeshasahau.

Nilimshonea gauni la buluu kwa uzi wa buluu, na ndani ya mishono ya ubavuni nikaacha vidole viwili vya kitambaa cha akiba. Hivyo ndivyo ninavyoshona nguo zote za watoto. Mafundi wengine huikata akiba. Mimi huiacha, kwa sababu mtoto anakua, na nguo ikibana unafumua mshono, unashona mwingine nje kidogo, na gauni linaendelea kuishi. Karani nilimfundisha hivyo tangu siku ya kwanza aliposhika sindano. Fanya ufanyavyo, akiba usiikate.

Wa kwanza kuona tatizo alikuwa mama yake.

"Fundi," akaniambia. Hata yeye huniita hivyo akitaka tugombane. "Huyu mtoto hali chakula."

"Anakula. Jana si alipika wali yeye mwenyewe?"

"Alipika, akatupakulia. Ulimwona akila?"

Nikafikiri. Nilimwona akizunguka na upawa. Nilimsikia akisema ameonja sana jikoni mpaka ameshiba. Asubuhi alisema atakula shuleni, na jioni alisema amekula kwa rafiki yake.

"Anakonda," mke wangu akasema.

"Hebu mwangalie vizuri. Gauni linamkaa palepale. Mtu akikonda, nguo ndiyo ya kwanza kusema. Mimi nimeanza kuangalia nguo za watu kabla hujanijua."

Lile ni kosa ambalo fundi peke yake anaweza kulifanya. Mama yake alikuwa akitazama shingo, mikono na mashavu. Mimi nilikuwa natazama kitambaa, na kitambaa kilikuwa kimetulia kiunoni kila siku iendayo kwa Mungu, bila hata kikunjo. Mbaya zaidi, wateja wakaanza kumsifia. "Karani, siku hizi una umbo!" Naye aliinamisha kichwa akatabasamu, na mimi, baba mtu, nikajivunia mshono wangu.

Kilichonifumbua macho ni zipu. Siku ya michezo shuleni Karani aliondoka amevaa bukta na fulana, akaliacha gauni nyumbani na zipu yake mbovu. Nikalichukua nikalitengeneze dukani. Nikaligeuza ndani nje, nikaliweka mezani, nikabaki nimelikodolea macho.

Mshono wangu wa buluu ulikuwa pale. Lakini ndani yake, kuelekea mwilini, kulikuwa na mshono mwingine wa mkono, wa uzi mweusi, vishono vidogo vilivyonyooka. Ndani ya huo kulikuwa na mwingine, na ndani yake mwingine tena. Mishono mitatu kila ubavu. Ilikuwa kazi safi, ningekuwa nampa mtihani angepata alama zote. Niliweka kidole kati ya mshono na mshono, nikajumlisha pande zote mbili, nikapata jibu. Nikakaa sakafuni juu ya vipande vya vitambaa. Mwanangu alikuwa anapungua, na kila alipopungua aliipunguza na nguo ili macho yangu yasijue.

Kitu kimoja nilikiona siku ile bila kukipa uzito. Kitambaa chote cha ziada kilikuwa bado pale, kimekunjwa na kushikizwa vizuri kisivimbe. Hakuwa amekata hata kidogo.

Kisha nikafungua daftari la vipimo nikautafuta ukurasa wake. Bega, kifua, urefu, vyote kwa mwandiko ule mzuri. Mbele ya kiuno, baada ya namba, alikuwa ameandika kana kwamba nacho ni kipimo: tuongeze mita. Karani wangu aliandika kila nilichomtajia.

Mtu mwenye akili angetulia akafikiri. Mimi nilifunga duka, nikaenda nyumbani, nikalitandaza gauni mezani likiwa limegeuzwa, na kando yake nikaweka sahani iliyojaa. Alipoingia tu nikaanza. Nikamuuliza kama anataka kutuua kwa presha. Nikamwambia hanyanyuki pale mpaka sahani iwe nyeupe. Mama yake alirudi kutoka kazini akatukuta hivyo, naye akaanza kumbembeleza, kula mwanangu, hata kijiko kimoja, kula kwa ajili yangu. Mmoja anafoka, mwingine analia, na katikati yetu mtoto amekaza taya, anaitazama sahani haoni kitu. Hakula. Kesho yake hata kile kidogo alichokuwa akila hakukigusa. Siku iliyofuata aliinama bombani kuinua ndoo, akaanguka.

Nilimbeba mwenyewe hadi barabarani kutafuta gari. Mwaka mmoja nyuma nilijaribu kumbeba kwa mzaha nikashindwa, nikasingizia mgongo. Safari hii sikuhema hata kidogo, na kule kutohema ndiko kulikonitia hofu. Sijawahi kuogopa namna ile maishani mwangu.

Hospitalini walimtundikia maji. Alipopata nguvu za kusimama, muuguzi mmoja mfupi, miwani yake imening'inia kwa kamba, akaja kumpima uzito. Alimgeuza Karani, akampandisha kwenye mizani akiwa ameipa mgongo. Akasoma, akaandika, akafunga faili. Kimya.

"Ngapi?" nikauliza, maana hiyo ndiyo lugha ninayoijua.

"Hiyo ni ya kwangu na daktari, baba. Si yako. Na kwa sasa si yake pia."

 Nilikuwa sijawahi kuona mtu akipimwa bila kutajiwa namba. Na nilimwona Karani, aliyekuwa amekunja ngumi zote mbili, akizifungua polepole.

Baadaye muuguzi alituita mimi na mke wangu kwenye benchi la nje. "Nyumbani kwenu," akauliza, "nani huzungumzia miili ya watu?"

Mke wangu alitazama viatu vyake. Hiyo ilitosha. Nikaeleza yote, sauti, utani, benchi, mita. Nilitegemea anipasulie ukweli mpaka nikome. Badala yake akasema, "Si wewe peke yako. Kuna wenzake shuleni, kuna picha za kwenye simu, kuna wale waliomsifia alipokonda. Ugonjwa huu unaingilia pengi. Wewe shughulikia pale unapopaweza."

Akatupa na masharti. Karani atakuwa akija kwake na kwa mshauri kila wiki, na daktari atamfuatilia. Nyumbani tule pamoja, saa ileile kila siku. Tuzungumze mpira, majirani, lolote lile, ila chakula chenyewe na mwili wa mtu yeyote tusiviguse. Asipokula tusimfokee. Akila tusimpigie makofi.

"Hata kumsifia tusimsifie?" mke wangu akauliza.

"Mama, akisifiwa kwa kula, kesho atahisi anahesabiwa matonge. Mwacheni ale kama watu wengine wanavyokula. Na sahani yake msiitazame."

Kumwambia fundi asitazame! Lakini nilikubali. Ningekubali hata kufumbwa macho kwa kitambaa.

Jioni ile nilikaa kando ya kitanda cha Karani. Si kawaida yangu kuomba msamaha, watu wa benchini watakuambia. "Nilikukosea," nikamwambia. "Siku ile ya kupima gauni. Nilikukosea sana, mwanangu."

Akachezea ncha ya shuka. "Kila mtu alicheka," akasema. "Na mimi nilicheka, Baba."

"Najua. Ndiyo maana nilidhani hakuna kitu."

Akanipa mkono wake niushike. Ulikuwa wa baridi. Tukakaa hivyo mpaka wageni wakaambiwa watoke.

Niliporudi dukani sikuweza kuishika futi. Nikamkumbuka mzee aliyenifundisha kazi, ambaye hakujua kusoma. Yeye alipima kwa ukanda mrefu wa karatasi. Anauzungusha, anauchanja kidogo kwa mkasi, mchanjo mmoja bega, miwili kifua, mitatu kiuno. Kila mteja alikuwa na ukanda wake, na kitambaa kilikatwa kwa kuufuata, bila namba yoyote. Nilipojitegemea niliona haya kufanya hivyo, nikanunua futi ili nionekane wa kisasa. Sasa nikaitundika futi msumarini, nikakata kanda za karatasi. Na kwa kuwa hakukuwa na cha kutaja, nikawa nafanya kazi kimya.

Wateja hawakunielewa. Mmoja aliniuliza kama naumwa koo. Mwingine akasema biashara imenishinda mpaka napima watu kwa magazeti. Kisha akaja mwalimu wa chekechea, mama mmoja mnene, mteja wangu wa miaka kumi na adui yangu mkubwa katika vita vya "inabana." Wakati huo Karani alikuwa amesharuhusiwa, anarudi kukaa dukani jioni, palepale karibu na mlango. Daftari hakuwa nalo tena. Alikuwa anashona vifungo.

Mwalimu akasimama mbele ya kioo. Nikazungusha karatasi kiunoni, nikachanja. Yeye bado anasubiri, amenyooka kama askari wa gwaride.

"Haya, taja," akasema.

"Sitaji siku hizi, Mwalimu."

"Na utani?"

"Umekwisha."

Akanitazama kwenye kioo kuhakikisha simdanganyi. Kisha akaachia pumzi, pumzi ndefu, na tumbo lake likarudi mahali pake, na ule ukanda wa karatasi ukakatika mkononi mwangu.

"Fundi," akasema, "miaka kumi nakuja hapa nimevuta tumbo. Nikiona tu futi inashuka kutoka shingoni kwako, nabana pumzi. Napumua nikishafika barabarani."

"Hata mimi," akasema mama mmoja kwenye benchi.

"Na mimi," akasema mzee aliyeleta suruali, na huyo ni mwembamba kama sindano.

Nikasimama pale na vipande viwili vya karatasi. Miaka ishirini na mbili ya ugomvi ikanipita mbele ya macho. Zile nguo zote zilizobana! Nilikuwa nawapima watu wakiwa wameshikilia pumzi kwa kuogopa mdomo wangu, kisha nawashonea nguo za kuvaliwa bila kupumua, kisha nawabishia.

Nyuma yangu nikasikia kicheko. Alikuwa Karani. Alikuwa ameinama juu ya kopo la vifungo, mabega yanatikisika, machozi yanamtoka. "Na ulivyokuwa unawabishia, Baba!" akasema. "Futi haisemi uongo!" Aliniigiza vizuri sana, mpaka mwalimu akalazimika kukaa. Nami nilicheka, nilicheka mpaka nikalia kidogo, na nikajifanya nasaka chaki chini ya meza.

Nisije nikasema mambo yalinyooka siku ile. Hayakunyooka. Mezani tulizungumza habari za golikipa, za mageti ya jirani, za wageni wanaoiba taulo, na mimi niliyakodolea macho maua ya kitambaa cha meza mpaka nikayajua yote. Ni sitini na manne. Jioni nyingine chakula chake kilirudi jikoni vilevile. Siku moja mteja mwenye nia njema kabisa alimwambia, "Umeanza kurudisha mwili!" na kwa siku tatu tukarudi nyuma. Mke wangu alikuwa akinifinya paja chini ya meza kila alipoona mdomo wangu unafunguka. Nilikuwa na alama za buluu kama mtu aliyepigwa. Kila wiki Karani alikwenda kwa muuguzi na kwa mshauri, akarudi, hatukumuuliza kitu. Wakati mwingine alieleza mwenyewe. Alituambia kwamba njaa ilikuwa imeanza kumpa hisia ya kushinda, na kwamba kuiacha kulikuwa sawa na kushindwa. Sikuelewa yote, ila nilisikiliza bila kutia neno, jambo ambalo mke wangu anasema ni muujiza wa kwanza wa ndoa yetu.

Kisha siku moja, mchana, wiki ya kufungua shule, nikiwa peke yangu dukani, Karani akaingia. Alikuwa amevaa gauni lile la buluu, na uso wake ulikuwa umenuna kama wa mteja.

"Baba," akasema. "Inabana."

 Muuguzi alikuwa ametuonya kwamba siku hii itakuja, na kwamba inaweza kuelekea upande wowote. Msichana mwingine akisikia nguo inambana hurudi kujinyima chakula ili imtoshe. Nilitaka kumwambia mambo mia. Nilitaka kumkumbatia, nilitaka kukimbia nikamwite mama yake. Nikajibana, nikamjibu jinsi nilivyopaswa kuwajibu wateja wangu wote kwa miaka ishirini na mbili.

"Wapi?"

Akashika kiuno. Nikaona kwamba hakuvuta tumbo.

"Unataka tufanyeje?"

Jamaa wa karakana ya jirani walikuwa wanakata chuma, ikabidi tusubiri wamalize. Niliushika ukingo wa meza. Ule mlio ulinichosha kuliko siku zote.

"Tufumue mshono mmoja," akasema. "Ule wa ndani kabisa."

Akaenda nyuma ya pazia, akarudi amejifunga kanga, gauni mkononi. Tukaketi pamoja mezani, yeye akachukua ubavu mmoja na mimi mwingine, kila mtu na mkasi wake mdogo. Vishono vyake vilikuwa vigumu kufumua, alivishona akiwa na nia. Nyuzi nyeusi zikawa zinaanguka mapajani mwetu. Nikajichoma kwa ncha ya mkasi mara mbili.

"Kwa nini akiba hukuikata?" nikamuuliza. Nilikuwa nimelibeba swali hilo kwa miezi. "Ungeikata, nguo ingekaa vizuri zaidi, na mimi nisingejua kamwe."

Akanishangaa. "Si ulisema isikatwe?"

Ni hilo tu. Nilikuwa nimeota majibu makubwa zaidi, kwamba alijua atarudi, kwamba alijiachia njia. Labda ni kweli, labda alikuwa anafuata tu sheria ya duka. Nilishusha pumzi ambayo nadhani niliishikilia tangu siku ya bombani.

Akaenda tena nyuma ya pazia. Alipotoka, akasimama mbele ya kioo, akainua mikono juu, akaishusha, akajipinda kushoto na kulia. Sikutazama kitambaa. Nilitazama uso wake.

"Sasa je?" nikauliza.

Akafikiri kidogo kwa uso wa mteja mgumu.

"Bado inabana," akasema, akachukua mkasi mezani, akarudi nyuma ya pazia kulivua.